Tortellini Zenye Jina la Argia

Wanaosema uzee huja na upole hawakumjua Argia Balboni. Siku alipotimiza miaka themanini aliamka na hasira, akaoga na hasira, akanywa kahawa na hasira, na kwa maoni yangu hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Mwanawe Ivano alikuwa amempigia simu asubuhi na mapema kumwambia kwamba chakula cha jioni cha siku yake ya kuzaliwa kingeliwa kwenye mkahawa wa Miforsadi Miwili.

"Huko siendi," Argia alimjibu. "Nipeleke hata kituo cha mafuta, nitakula mkate wangu nimesimama. Miforsadi Miwili siendi."

Ivano akasema meza imeshawekwa, mkewe Tiziana ameshanunua gauni, na Noemi angevunjika moyo. Noemi alimtaja mwisho kwa makusudi, maana alijua mama yake hana kauli mbele ya mjukuu huyo wa miaka kumi na sita. Argia akakata simu bila kuaga, akaenda kutafuta viatu.

Mkahawa huo uko ukingoni mwa mji wetu mdogo, kati ya Modena na Bologna, na Argia aliufanyia kazi miaka hamsini na miwili. Aliingia akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Akapewa ubao mpana wa kukandia na mchi wa kusukumia mrefu kuliko mkono wake, akaonyeshwa gunia la unga na trei za mayai, akaambiwa aanze. Kwetu kazi hiyo ni ya wanawake na ina heshima yake. Unakanda unga na mayai, unasukuma mpaka ukiuinua dirishani uone kivuli cha mtu anayepita nje. Kisha unakata vipande vidogo vya mraba, unaweka punje ya nyama iliyosagwa na jibini, unakunja pembetatu, unaizungusha kwenye kidole cha mwisho na kubana ncha zake mbili. Hiyo ni tortellini moja, tayari kuchemshwa kwenye supu. Kijiko kimoja hutakiwa kuingia saba, na Jumapili moja hutakiwa maelfu.

Kila mwanamke ana mkunjo wake, kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Mkunjo wa Argia ulikwenda upogo. Alipokuwa na miaka tisa alibanwa kidole cha mwisho na ubao wa mkokoteni wa baba yake, kidole kikapona kimepinda, na kila tortellini iliyozungushwa hapo ilitoka imelala upande kidogo, kama mtu aliyesinzia kitini. Mwanzoni aligombezwa. Baadaye wateja wakazizoea, wakazipenda, na ikafika mahali mtu wa mji huu akienda kula kwingine na kukuta zimenyooka, huuliza kama zimenunuliwa dukani.

Sasa hapo ndipo panapoudhi. Wenye mkahawa wakati huo walikuwa Bwana Adelmo na mkewe Clelia, na Clelia, Mungu amrehemu, hakujua kukunja hata leso. Lakini wateja waliposhiba na kutaka kumshukuru aliyewapikia, Clelia alipita jikoni kwanza. Alichovya mikono yote miwili kwenye unga wa Argia, akaipangusa kidogo tu, kisha akatoka ukumbini huku vumbi la unga likimdondoka. Watu walisimama kumshika mkono. Walimwambia ana vidole vya dhahabu, naye alijibu kwa unyenyekevu kwamba ni mazoea tu. Argia aliyasikia hayo kupitia mlango wa jikoni mwaka baada ya mwaka, na hakutoka, kwa sababu mkandaji wa unga hakuruhusiwa kukanyaga ukumbini. Mji mzima ukaamini. Hata padri aliwahi kumsifu Clelia mbele ya waumini kwa mikono yake isiyochoka, na Argia alikuwa amekaa benchi la tatu, mgongo unamuuma.

Nyumbani ndiko alikotapika yote. Ivano alikua akila chakula cha jioni pamoja na habari za Clelia. Mumewe alimshauri mara nyingi aache kazi, na mara nyingi alijibiwa anyamaze. Argia hakutaka kuacha. Hakutaka hata kupunguziwa saa. Alichotaka ni kwamba siku moja mtu mmoja, ndani ya ukumbi ule, aseme kwa sauti kwamba zile tortellini ni za Argia. Siku hiyo haikufika. Adelmo alikufa, Clelia akamfuata, na mtoto wao, aliyekuwa anaishi Milano na hakutaka hata kusikia harufu ya supu, akauza mkahawa kwa Mirko Zoboli.

Mirko alikuwa kijana wa kuvaa viatu bila soksi. Wiki ya kwanza alileta mashine. Wiki ya pili alimwita Argia, aliyekuwa na miaka sitini na sita, akampa shada la maua na kumweleza kwa maneno laini kwamba mashine inakunja kwa saa moja kazi yake ya siku mbili, na kwamba mteja haoni tofauti yoyote. Hivyo ndivyo Argia alivyomwaga unga, na ni mara chache msemo huo umemfaa mtu barabara namna hiyo. Maua aliyaacha juu ya kopo la takataka. Aliondoka na mchi wake kwapani, na kwa miaka kumi na minne hakupita tena barabara ile. Akienda sokoni alizunguka nyuma ya kanisa, hata mvua ikinyesha.

Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye Ivano alimshusha garini mbele ya Miforsadi Miwili saa moja na nusu jioni, amevaa gauni lake la buluu.

Mirko mwenyewe alifungua mlango. Siku hizi ana kitambi na soksi. Alimbusu Argia mashavu yote mawili kabla hajakwepa, akampigia kelele za furaha, akamshika kiwiko na kumwingiza ukumbini. Ukumbi ulikuwa umejaa. Na kwenye ukuta wa mbele, katika picha iliyotoka sakafuni hadi darini, alikuwepo Argia wa miaka arobaini, mikono ya nguo imekunjwa, ameinamia ubao, haangalii kamera. Picha ile aliijua. Ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa kwenye kabati la Ivano.

Watu wakapiga makofi. Argia hakujua aweke wapi uso wake. Wakamkalisha kiti cha katikati, Noemi kushoto, Ivano kulia, Tiziana mbele yake akiwa tayari anatokwa na machozi, na mbele ya sahani kulikuwa na menyu mpya. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi kubwa, ulisema: Tortellini za Argia, katika supu ya jogoo, zimekunjwa kama zamani.

Aliusoma mara mbili. Nisiseme uongo, moyo ulimruka. Jina lake lilikuwa limewahi kuchapishwa kwenye bili za umeme na kwenye tangazo la msiba wa mumewe, basi. Alipitisha kidole juu ya herufi, kile kile kilichopinda, na Noemi akamwegemea begani na kumnong'oneza, "Bibi, umekuwa mtu maarufu." Argia akamwambia anyamaze, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka aambiwe tena.

Kabla chakula hakijaja, Learco, daktari mstaafu wa mifugo aliyekuwa meza ya jirani na amekula hapo tangu ujana wake, alisimama na bilauri ya mvinyo mkononi. Alikuwa amemaliza bakuli lake. Akaja kumshika Argia mkono.

"Argia, mkono ni ule ule," alisema. "Haujapotea hata kidogo. Clelia alikufundisha vizuri."

Argia alipoinua uso, Learco alisharudi kwenye kiti chake, ameridhika na maneno yake. Ivano alimwona mama yake akibadilika rangi, akamjazia maji haraka haraka.

Ndipo bakuli zikaja. Argia aliangalia ndani ya lake, na kwa kitambo akasahau Learco. Tortellini zilikuwa zimelala upande. Zote zilikwenda upogo, upande wa kushoto, kama alivyozikunja yeye. Wazo la kwanza lililomjia, na lilimpasha moto kifua kizima, ni kwamba jikoni kuna msichana. Kuna msichana mmoja aliyekaa akachunguza, akajifunza mkunjo wa Argia Balboni. Alitamani kuinuka palepale akamwone.

Akachota moja na kijiko. Akachota ya pili, ya tatu, akazipanga kwenye kisahani cha mkate. Zilikuwa zimeinama sawasawa. Ya nne nayo. Akakoroga bakuli zima kutafuta moja iliyopitiliza au iliyopungua, hakuipata. Za kwake hazikuwahi kulala sawa mbili. Asubuhi, kidole kikiwa na nguvu, ziliinama kidogo. Saa kumi jioni, kidole kikianza kuuma, ziliinama kama zimelewa. Hizi hazikuumwa na kitu. Alitia moja mdomoni. Ilikuwa laini kama mpira, supu inateleza juu yake bila kushika.

Akamwita Mirko. Hakupaza sauti, alimnyooshea tu kijiko, na Mirko akaja mbio akitabasamu.

"Hizi amekunja nani?"

"Wewe, Bi Argia. Nani mwingine?"

"Mimi nimekuja kwa gari la mwanangu, sijapita jikoni kwako. Nakuuliza, amekunja nani?"

Mirko alicheka, akavuta kiti, akakaa, na maskini wa Mungu akadhani anapewa nafasi ya kujisifu. Akaeleza kwamba wateja wa siku hizi wamechoka na vitu vya kiwandani, wanataka mkono wa bibi, wanataka historia. Basi yeye akaenda kwa fundi mmoja Bologna, fundi akamtengenezea kichwa kipya cha mashine. Ile sinia ya tortellini zako ambayo Ivano alileta baada ya Krismasi ilisaidia sana. Fundi alizipima moja moja, akatafuta wastani.

"Hata upogo wako tumeuchukua," Mirko alisema. "Mashine sasa inakunja kama wewe, na haichoki."

Argia aligeuka kumtazama Ivano.

Krismasi ile alikaa siku tatu kwenye meza ya jikoni akikunja, kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, kwa sababu Noemi alisema hakuna Krismasi bila tortellini za bibi. Aliwapa sinia mbili. Ivano alipiga simu kusema wamezimaliza zote na wamelamba hata sahani. Kumbe sinia moja ilikwenda kupimwa kama maiti.

"Nilisaini karatasi pia," Ivano alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa alimjua mama yake na alijua heri ayatoe yote kwa pamoja. "Ya jina, na ya picha. Mama, maisha yako yote umelia kwamba jina lako halijulikani. Nimelisikia hilo tangu nina meno ya utoto. Sasa limeandikwa, watu wanapiga makofi. Kosa langu liko wapi?"

Na hapa lazima nimtetee Ivano kidogo, kwa sababu hakuwa mwanaharamu. Alikuwa mpima ardhi wa miaka hamsini na mitano aliyempenda mama yake, na alidhani amempimia kiwanja alichokililia siku zote. Lakini kupenda kwa namna hiyo, bila kuuliza, huwa kunaudhi kuliko chuki. Argia hakumpiga kofi. Alisukuma bakuli.

"Nilipokuwa nakunja mimi, jina lilikuwa la mwingine," alisema. "Leo jina ni langu, na inayokunja ni mashine. Kila mara mnanipa nusu, na kila mara ni nusu iliyooza."

Tiziana alinyoosha mkono kumpapasa, akaambiwa auondoe. Noemi alikuwa amekiweka kijiko chake chini. Meza za jirani zilikuwa zimejitia hamnazo, lakini hakuna aliyekuwa anatafuna.

Mirko aliinama karibu. Akamsihi Bi Argia asikasirike siku ya furaha kama ile, kwamba hiyo ni heshima, kwamba watu wanatoka hadi Milano kuja kula jina lake.

"Ndiyo, wanakula jina," Argia alisema, "maana kwenye bakuli hamna kitu kingine. Acha kunivika kilemba cha ukoka, bwana. Tafuta wasichana wawili. Nitakuja kila asubuhi niwafundishe mwenyewe, na hapo jina liache, hata uliandike kwenye paa."

Mirko akasema wasichana wawili hawawezi kulisha watu mia tatu. Argia akasema basi jina litoke. Mirko akamkumbusha kwamba karatasi imesainiwa.

"Ivano anaweza kusainia gari lake. Kidole ni changu."

Tabasamu la Mirko likaisha. Hakuwa mtu mbaya sana, alikuwa mfanyabiashara aliyeharibiwa jioni yake mbele ya wateja, na watu wa namna hiyo husema ukweli wao bila kutarajia.

"Sawa, Bi Argia. Litatoka. Lakini mstari ule hautabaki mtupu. Mtoto wa Clelia ananiomba siku nyingi niweke jina la mama yake, na watu wengi hapa bado wanamkumbuka. Nilimkatalia kwa ajili ya Ivano. Ukilikataa wewe, wiki ijayo ukutani atakuwa Clelia. Amua mwenyewe."

Ivano alimshika mama yake mkono juu ya meza. "Mama, hilo hapana," alisema. "Nigombeze mimi kesho, nigombeze mwaka mzima. Lakini ukilifuta leo, ndiyo basi tena. Hakuna atakayejua kamwe."

Ilikuwa kweli, na Argia alijua ni kweli. Aliitazama menyu. Alikuwa na miaka themanini, ameshakula chumvi nyingi, na ule mstari wa juu ndio wote atakaoupata. Angeweza kuchukua kijiko, akala, akasifu, na watoto wa watoto wa mji huu wangesema tortellini za Argia hadi mwisho wa dunia. Aliutaka. Aliutaka kiasi cha kuona haya. Na kadiri alivyoutaka ndivyo alivyozidi kumchukia Mirko na kujichukia mwenyewe, mpaka akasikia sauti yake ikisema kabla hajamaliza kufikiri.

"Mwandike Clelia. Kusifiwa kwa kazi asiyoifanya yeye alizoea. Mimi sijazoea, na nimechelewa kujifunza."

Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati la Ivano, kalamu nzuri ya kuchorea ramani, akapiga mstari juu ya jina lake. Alipiga mmoja tu, polepole. Kisha akamrudishia Ivano kalamu.

"Sasa simama. Zunguka meza zote. Wewe ndiye uliyesaini, wewe ndiye utakayefuta. Na kila mmoja umwambie kwamba mama yako hakukunja hizi."

Ivano alimtazama mkewe. Tiziana alitazama kitambaa cha meza. Ivano akamtazama Mirko, na Mirko akainua mabega na kwenda zake jikoni. Mtu mzima, mwenye mvi, na ofisi yenye jina lake mlangoni, akasimama na kalamu mkononi, akaenda meza ya Learco kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Akaomba radhi. Akafuta jina kwenye menyu ya mzee yule.

"Bwana Learco, hizi ulizokula mama yangu hakukunja," alisema. "Ni mashine."

Learco aliangalia bakuli lake tupu, akaangalia ile picha ukutani. Alionekana kama mtu aliyeibiwa na hajui kimepotea nini.

"Basi na zile za zamani?" aliuliza. "Za enzi za Clelia?"

Ivano aligeuka akamtazama mama yake, aliyekaa wima kitini, mikono mapajani, hamsaidii kwa lolote.

"Zile alikunja yeye," alisema. "Zote. Hakuna hata moja aliyokunja Clelia."

Watu wa meza za karibu waligeuka kumtazama Argia. Argia hakulia, wala hakutabasamu.

"Rudia," alimwambia mwanawe kutoka mezani. "Wale wa kule dirishani hawajasikia."

Ivano akarudia.